Aunsi 16 kwa kila kazi: kisa cha bondia aliyeumia mkono wiki 3 kabla ya pambano

Kisa hiki kinamhusu bondia wa ridhaa niliyekuwa nikimfundisha mwenyewe, pamoja na mwenzake wa mazoezi. Wote wawili wamekubali kisimuliwe. Majina, jimu na tarehe nimeviacha, na mambo mawili matatu yasiyo na uzito nimeyabadilisha ili wasitambulike. Vipimo vya glavu, mpangilio wa mazoezi na makosa yaliyofanyika, mengi yakiwa yangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Usuli

Alikuwa mwanamke wa miaka ya ishirini na kitu, uzito chini kidogo ya kilo 60, vidole vyembamba na kiganja kidogo. Alikuja akiwa na glavu zake mwenyewe, mpya, za aunsi 16, za kufunga kwa velkro. Aliyemshauri kuzinunua alimpa maneno ambayo kila mgeni wa jimu huyasikia siku ya kwanza: anza na nzito, mkono ukomae, siku utakayovaa nyepesi utajiona unaruka. Sikumpinga. Nami nililelewa kwa maneno hayo hayo, na mtu hulirithi neno la kocha wake kama anavyorithi mwendo wa miguu yake, bila kuliuliza limetoka wapi.

Kwa ambaye hajavizoea vipimo hivi: aunsi 1 ni kama gramu 28. Glavu moja ya aunsi 10 ina gramu 283 hivi, ya 12 ina 340, ya 14 inakaribia 400, na ya 16 ni 454. Kutoka 16 kushuka hadi 10, kila mkono unapunguziwa gramu 170, yaani uzito wa simu ya mkononi. Ukiishika simu mara moja si kitu. Ishike usawa wa shavu dakika 9, huku kila baada ya sekunde chache unairusha mbele na kuirudisha, ndipo utajua bega linalipa kiasi gani.

Tatizo la glavu zake halikuwa uzito peke yake. Zilishonwa kwa mkono mkubwa. Vidole vyake havikufika mwisho wa glavu, kidole gumba kilielea, na kila ngumi ilipotua mkono ulizunguka kidogo mle ndani. Wiki ya pili aliniambia, "Kocha, zinanilegea." Nikamjibu, "Utazoea." Akajitafutia dawa: akawa anajifunga bandeji mbili kila mkono, moja juu ya nyingine, kujaza nafasi. Niliona, nikafikiri ni bidii.

Mazoezi yake yalikuwa siku 4 kwa wiki. Ngumi za kivuli, yaani za kupiga hewani, mfuko, pedi zinazoshikwa na kocha, na kuanzia mwezi wa tatu sparingi nyepesi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzake, mara moja kwa wiki. Zote kwa glavu zile zile. Kwa hiyo sponji iliyopaswa kumkinga mwenzake siku ya sparingi ndiyo iliyokuwa ikitwangwa kwenye mfuko siku 4.

Yaliyotokea

Mwezi wa tano akapata pambano lake la kwanza, likiwa limebaki wiki 10. Ngumi za ridhaa, raundi 3 za dakika 3. Kwa kanuni za kimataifa za ridhaa, wanawake hupigana kwa glavu za aunsi 10 katika uzito wote. Wanaume wepesi hutumia 10 na wazito 12. Siku ya pambano, basi, angevaa 10. Hilo nililijua tangu mwanzo, na sikulifanyia mpango wowote.

Wiki 5 za kwanza tuliendelea na 16. Raundi ya kwanza alikuwa mzuri, ya pili wastani, na ya tatu mkono wa kulia ulikuwa ukirudi kiunoni badala ya kurudi kidevuni. Nikasema pumzi haijafika. Nikamwongezea raundi 2 za mfuko kila siku, pamoja na kuruka kamba. Mkono ukazidi kushuka. Leo nikikumbuka naona nilikuwa namwongezea mzigo mtu anayelemewa na mzigo, kisha nashangaa mbona anainama.

Wiki 5 kabla ya pambano nikaamua "tuzoee vita". Nikampa glavu za aunsi 10 za pambano, za kufunga kwa kamba, atumie kwa kila kitu: mfuko, pedi, sparingi. Siku ile ya kwanza jimu nzima ilisimama kumtazama. Ngumi ya mbele ilikuwa haionekani ikitoka. Mkono wa kulia ukaanza kurudi kidevuni wenyewe bila kukumbushwa. Alicheka katikati ya raundi, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo: dawa ya aunsi 16 imefanya kazi.

Siku ya 9 alikuwa kwenye mfuko akifanya ngumi za mwili, zile za chini. Mfuko wetu ulijazwa matambara na mchanga, na kila aliyewahi kujaza mfuko hivyo anajua mwisho wake: mchanga hushuka. Juu unapiga godoro, chini unapiga gogo. Akahisi kitu kwenye kifundo cha kidole cha kati, mkono wa kulia. Hakusema. Alikuwa na pambano mbele, na bondia mwenye pambano mbele humficha kocha kuliko anavyomficha mpinzani.

Kwa siku 3 alipiga akikikwepa kifundo kile. Ngumi iliyopaswa kutua kwa vifundo viwili vya mbele, cha kidole cha shahada na cha kati, ikawa inatua upande wa kidole cha pete na cha mwisho, kiko cha mkono kikiwa kimefunguka nje. Hapo ndipo mifupa ya kiganja huvunjika kirahisi, chini ya kidole kidogo. Niliona kiko kimefunguka. Nikamkaripia kwa uvivu wa mbinu.

Siku ya 13 ilikuwa sparingi. Mwenzake alikuwa mwanaume wa kilo 66 hivi, mzoefu, mpole, aliyekuwa akicheza naye kwa kumfundisha zaidi kuliko kumpiga, na yeye alikuwa amevaa 16. Raundi ya pili binti akaachia ngumi mbili za kulia mfululizo, safi, zikatua juu ya jicho. Nyusi ikachanika. Kinga ya kichwa ilikuwa imepanda kidogo, ndiyo, lakini glavu za aunsi 10 zilizopigiwa mfuko wiki mbili zilikuwa zimebaki na sponji kidogo sana mbele ya vifundo. Nilisimamisha. Nilipomgeukia binti nikamkuta ameubana mkono wa kulia kwapani, machozi yanamtoka. Nikamvua glavu, nikakata bandeji. Kifundo cha kati kilikuwa kimevimba kikawa cha mviringo kama nusu ya ndimu.

Usiku ule mwenzake aliumwa kichwa na asubuhi akawa na kichefuchefu. Wote wawili wakaenda kwa daktari.

Maamuzi na sababu zake

Kujitoa kwenye pambano. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari alisema kilichoumia ni nyama na ukanda mwembamba unaoishikilia kano juu ya kifundo, umechubuka, haujakatika. Wiki 6 bila kupiga kitu chochote. Kulikuwa na mtu, sitamtaja kwa cheo, aliyependekeza sindano ya ganzi siku ya pambano. Nilikataa, na hili ndilo jambo pekee katika kisa kizima nililoliamua bila kusitasita. Ukanda ule ukikatika, kano huteleza pembeni ya kifundo kila unapokunja ngumi, na mara nyingi marekebisho yake ni upasuaji. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimzuia asiukate. Kumwondolea maumivu kungekuwa kumwondolea breki.

Kumsimamisha mwenzake. Daktari aliuchukulia mshtuko wa ubongo kwa uzito. Tukakubaliana asiguswe kichwa kwa wiki 4, na arudi kwa ruhusa ya daktari, si kwa kujisikia mzima.

Kuzipima glavu zote za jimu. Wazo hili lilitoka kwa binti mwenyewe, akiwa amekaa benchi na mkono wake kwenye barafu. Tulileta mizani ya jikoni. Tulichokuta kilinifedhehesha. Glavu zake za 16 zilizidi gramu 454, kwa sababu zilikuwa na jasho lisilokauka. Jozi moja ya zamani iliyoandikwa 14 ilikuwa na uzito sahihi kabisa, ila ukiweka kidole gumba mbele ya vifundo na kubonyeza, ungehisi kidole cha mvaaji upande wa pili. Uzito upo, kinga haipo. Sponji ilikuwa imelala, na uzito uliobaki ulikuwa wa ngozi, kitambaa na mkanda wa mkononi. Tangu siku hiyo kila glavu ya sparingi hupimwa kwa kidole gumba mwanzo wa wiki. Mizani tuliirudisha jikoni.

Kugawa glavu kwa kazi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi huuliza.

Kwa mfuko tulimchagulia aunsi 12, zenye sponji nene na ngumu mbele na nafasi finyu ya mkono. Kwenye mfuko wa kulindwa ni mpigaji tu, mfuko hauumii. Kinachotakiwa ni sponji isiyolala haraka na mkono usiozunguka ndani. Kwa nini 12 na si 16? Kwa sababu uzito wake ni chini ya kilo 60 na tatizo lake la wazi lilikuwa bega. Kwa bondia wa kilo 80 na mkono mpana ningesema 14 au 16 bila wasiwasi, kwa kuwa ngumi yake inamrudia kwa nguvu zaidi.

Kwa sparingi, 14, za mkono mdogo, sponji laini. Desturi ya jimu nyingi ni 16 kwa mtu mzima, nami naiunga mkono kwa walio wengi, hasa kuanzia kilo 67 hivi kwenda juu. Kwake tulijaribu jozi tatu za 16 na zote mkono ulizunguka. Glavu inayozunguka humchuna mwenzako kwa mshono na kukuvunja mwenyewe kidole gumba. Kati ya 14 inayokaa na 16 inayoelea nilichagua inayokaa, kwa sharti kwamba hizo 14 haziugusi mfuko hata siku moja. Na mwenzake, akiwa mzito kuliko yeye, aendelee na 16.

Kwa pedi, 12 zile zile za mfuko, ila wiki 2 za mwisho kabla ya pambano avae 10 ili mkono uijue njia yake mpya. Pedi inashikwa na mimi, na mimi najua ngumi inatoka lini. Ndiyo sehemu salama ya kuvalia glavu nyepesi.

Kuhusu ngumi za kivuli tulibishana na kocha mwenzangu. Yeye anaamini katika kuvaa nzito kabisa, hata 18, ili kujenga kasi. Mimi naamini ngumi ya kivuli haina kitu cha kuisimamisha, kwa hiyo uzito wote wa glavu unaishia kuvuta kiko na bega mwisho wa kila ngumi. Hatukukubaliana. Binti alifanya mikono mitupu, kwa sababu alikuwa bondia wangu na si wake. Sina sababu nzuri kuliko hiyo.

Kuumwaga mfuko. Tuliufungua, mchanga ukatoka wote, tukajaza matambara yaliyokunjwa na kushindiliwa kwa tabaka, yaliyo magumu kiasi katikati na laini pembeni. Ulipungua uzito, ukawa unabembea zaidi, na wale wapenda mlio walilalamika.

Bandeji moja. Ya urefu wa mita 4.5, si mbili. Na glavu hujaribiwa bandeji ikiwa imefungwa, mkono umekunjwa, si kwa mkono mtupu unaopitishwa kama unajaribu kofia. Glavu inayokaa vizuri mtu hukunja ngumi bila kuilazimisha na ncha za vidole huigusa juu kidogo tu.

Matokeo

Alirudi kwenye mfuko wiki ya 7, raundi 2 kwa siku, nguvu nusu. Sparingi wiki ya 12. Mkono wa kulia ukawa unarudi kidevuni hata raundi ya tatu, pumzi ikiwa ile ile, jambo lililonionyesha kwamba zile raundi za ziada nilizompa mwanzoni hazikuwa na maana. Uvimbe haukurudi. Mwenzake aliruhusiwa baada ya wiki 4 na hakupata dalili nyingine. Kovu la nyusi analo.

Pambano lake la kwanza lilikuja miezi 5 baada ya lile alilojitoa. Alishindwa kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Alimaliza raundi zote 3 akiwa na mikono juu, na mkono wa kulia haukumuuma. Jinsi alivyoshindwa ina somo lake, nami nitalirudia chini.

Uchambuzi

Namba iliyoandikwa kwenye glavu inajibu swali moja tu, nalo ni glavu ina uzito gani. Haisemi uzito huo umekaa wapi. Glavu mbili za aunsi 14 zinaweza kutofautiana kabisa: moja imeweka sponji mbele ya vifundo, nyingine imeweka nusu ya uzito kwenye mkanda mrefu wa kifundo cha mkono na mgongo wa kiganja. Haisemi mkono wa nani utaingia, na haisemi sponji ina umri gani. Mimi niliisoma namba kama vile mtu anavyosoma namba ya kiatu, nikasahau kwamba hata kiatu hujaribiwa.

Kosa la pili lilikuwa kuufanya uzito kuwa zoezi. Mtu akitaka kukomaza mabega, mazoezi ya mabega yapo tele. Glavu kazi yake ni kukinga, na historia yake yenyewe inasema hivyo. Katika miaka ya 1740 huko London, Jack Broughton, bondia aliyeandika kanuni za kwanza za ngumi zinazojulikana, aliwavisha wanafunzi wake glavu zilizojazwa kitu laini ndani ili wajifunze bila kuharibiwa nyuso. Mapambano ya kweli wakati ule yalikuwa ya mikono mitupu. Glavu ziliingia ulingoni rasmi kwa kanuni za Queensberry za mwaka 1867, na hata mwaka 1892, James Corbett alipomshinda bingwa wa dunia John L. Sullivan kule New Orleans, walivaa aunsi 5. Glavu ilizaliwa kwenye mazoezi, kwa ajili ya mtu wa upande wa pili. Ukiikumbuka hiyo, swali la kwanza unapochagua uzito hubadilika. Si "zitanijenga vipi?" bali "nani anapokea ngumi hii?" Jibu likiwa mfuko, jikinge mwenyewe. Likiwa pedi, mkinge kidogo anayeishika na ujikinge wewe. Likiwa uso wa mwenzako, sponji kwanza, mengine baadaye.

Hapo hapo niseme jambo ambalo halipendwi. Glavu nzito haimwondolei mwenzako pigo. Sponji hulitandaza pigo kwenye eneo kubwa na kulirefusha kidogo, kwa hiyo ngozi haichaniki upesi na mfupa wa mpigaji unapona. Lakini kichwa bado kinatikisika, na ubongo uliomo ndani hautambui tofauti ya 14 na 16 kama nyusi inavyoitambua. Nimeona watu wakivaa 16 na kuachia ngumi za kumaliza pambano kwa kuwa mkono hauumi. Yule mwenzake hakupata mshtuko kwa sababu ya aunsi 10 tu. Alipata kwa sababu nilimruhusu bondia mwenye furaha ya glavu nyepesi aachie nguvu zote katika siku iliyoandikwa "nyepesi" ubaoni kwangu.

Kosa la tatu ni la kubadilisha ghafla. Miezi 5 kwa 16, kisha siku moja 10 kwa kila kitu. Mkono uliozoea kusukuma gramu 454 uliposukuma 283 ulikwenda kasi zaidi, na kasi hiyo yote ilitua kwenye kifundo kilichokuwa na kinga pungufu, juu ya mfuko uliokuwa gogo. Ukitaka kumlaumu mmoja kati ya hao watatu utashindwa. Wenzangu wengine, niliposimulia, walisema kosa lilikuwa mfuko. Wengine glavu kubwa za mwanzo. Nadhani mfuko peke yake ungemletea maumivu ya wiki moja, na glavu peke yake zisingemwumiza kabisa.

Kilichofanya kazi ni kidogo kuliko nilivyotaka kiwe. Kujitoa kulimwokoa mkono. Kutenganisha glavu za mfuko na za sparingi ndiko kulikoleta badiliko kubwa, na najua hivyo kwa sababu jozi ile ya 14 ya sparingi, mwaka mzima baadaye, ukibonyeza mbele ya vifundo bado kidole gumba kinarudishwa. Kwa asiyeweza kuwa na jozi mbili, ningemwambia achukue ya sparingi na auache mfuko mzito, apige ngumi za kivuli na pedi, kuliko achukue moja ya kila kazi. Najua wengi watafanya kinyume.

Ishara tatu zilikuwepo na nikazisoma vibaya: bandeji mbili, mkono unaorudi kiunoni, na kiko kilichofunguka ghafla. Ya kwanza niliiita bidii, ya pili pumzi, ya tatu uvivu. Zote zilikuwa zinasema "kocha, glavu". Ningemuuliza swali moja tu, "mkono unajisikiaje ndani?", angenijibu, kwa kuwa alishanijibu wiki ya pili bila kuulizwa.

Sasa kuhusu pambano aliloshindwa. Suluhisho letu lilikuwa na tundu, na mpinzani wake alilipata katika dakika ya kwanza. Mtu aliyejikinga miezi kadhaa kwa glavu za 14 amejikinga kwa ukuta mpana. Akiinua mikono, glavu zinakutana, uso umefichika. Akivaa 10, mikono ile ile ikiwa mahali pale pale, katikati pana mlango. Ngumi za kunyooka zilipita pale kati mara nne au tano kila raundi, na kila mara yeye alionekana kushangaa, kwa sababu kwa hesabu ya mwili wake mlango ule ulikuwa umefungwa. Wiki 2 za pedi kwa glavu za 10 zilimfundisha mkono kushambulia. Hazikumfundisha kujikinga, maana mimi na pedi zangu nilikuwa sirudishi kitu.

Hili sikulisoma mahali, na nilihitaji kipigo cha bondia wangu kulijua. Tulichofanya baadaye ni zoezi la kupokea tu. Katika wiki 3 za mwisho kabla ya pambano, anayejikinga anavaa 10, anayeshambulia anavaa 16 na kupiga kwa nguvu ya kugusa, ngumi za kunyooka peke yake, na anayejikinga haruhusiwi kurudisha hata moja. Dakika 2, kisha wanabadilishana glavu. Kubadilishana glavu zenye kamba katikati ya raundi ni usumbufu, kwa hiyo tuna jozi ya 10 ya velkro kwa ajili hiyo tu.

Siku ya kwanza ya zoezi hilo alipokea ngumi 11 kwenye kinga ya uso. Nilizihesabu. Siku ya tano zilikuwa 3, na viko vyake vilikuwa vimekaribiana kuliko nilivyowahi kumwona tangu aje na zile glavu kubwa begani. Aliponyosha mikono nimfungue, akasema, "Kocha, hizi hazidanganyi."